Usingizi wa Magofuni

Kuna uchovu wa siku na kuna uchovu wa miaka. Wa siku ukilala unaondoka. Wa miaka ukilala mnalala wote, na alfajiri wenyewe ndio unaokuamsha. Mwanamke ninayemsimulia hapa alikuwa na huo wa pili, na alikaa nao muda mrefu hata akadhani ndiyo tabia yake.

Zamani mtaani kwao walimwita Fundi. Alikuwa mshonaji, na si mshonaji wa kutia viraka magunia. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza ya duka la vyombo, pale kona, na mtu akipita tu mbele yake, Fundi alishajua mabega yana upana gani na bega lipi limeshuka kuliko mwenzake. Gauni likitoka kwake lilikaa mwilini bila ya kuulizwa. Jina la Fundi alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, kwa sababu hili alilichuma kwa jasho lake. Basi na sisi tumwite hivyo, japokuwa kwa miaka mingi hakuna aliyemwita.

Jina lenyewe lilipotea hivi. Mama mkwe wake alianguka bafuni akavunjika nyonga, na kabla nyonga haijapona kikaja kiharusi, kikachukua upande mmoja wote. Watoto wakakaa kikao. Walikuwa watatu: binti mkubwa, mume wa Fundi, na binti mdogo. Huyo mkubwa nduguze wenyewe walimpachika jina la Waziri, kwa kuwa alizaliwa kugawa kazi wala si kuzifanya. Waziri akasema yeye ana biashara yake, haiwezi kulala hata siku moja. Mdogo, ambaye hadi leo ana nywele za mvi na bado anaitwa Kitindamimba, akasema ana watoto wachanga. Wakamgeukia kaka yao, na kaka yao akamgeukia mkewe.

"Wifi mkono wake mwepesi," Waziri akasema. "Na Mama mwenyewe anampenda. Tena ni kwa muda tu."

Mtu akikusifu mkono, kwanza tazama anataka kukubebesha nini. Fundi hakutazama. Alikuwa kijana, alipenda kusifiwa kama sisi sote, akaitikia.

Kikaletwa kitanda cha chuma, kile chenye mkono wa kuzungusha ili kichwa kiinuke, kikawekwa chumba cha mbele. Cherehani ikatolewa barazani, ikaingizwa ndani, ikasogezwa ukutani pembeni ya kitanda. Siku ya kwanza juu yake iliwekwa chupa ya chai. Siku ya pili zikafuata dawa. Baadaye beseni, vitambaa, kikombe cha bati, na hatimaye kitambaa cha meza kikatandazwa juu, ikawa meza kweli. Mkanda wake wa ngozi ulikauka ukapasuka, na panya wakamalizia. Hakuna aliyesema mshonaji ameacha kushona. Ile "kwa muda tu" ilikuwa imejinyoosha miguu tu, kama mgeni aliyeonjeshwa utamu wa kochi.

Mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwa mtu rahisi. Ulimi wake kiharusi hakikuugusa. Uji ukiwa wa moto alisema anaunguzwa, ukiwa wa vuguvugu alisema anapewa masalio. Alipotaka kitu aligonga kijiko kwenye kile kikombe cha bati: ti, ti, ti. Usiku, mchana, wakati wa sala, wakati Fundi yuko na povu la sabuni kichwani. Ti, ti, ti. "Nakuja, Mama!" Fundi akajifunza kulala sikio moja likiwa macho. Mume wake aliyekuwa karani wa bohari alilala masikio yote mawili.

Lakini watu wawili hawawezi kugeuzana, kuoshana na kulishana miaka yote hiyo wakabaki wageni. Mchana mmoja yule bibi aliitazama ile meza, akauliza, "Hii si ndiyo cherehani yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Hebu shona kitu nisikie."

Fundi akaondoa dawa na mabeseni, akafunga mkanda kwa kamba ya katani, akashona foronya moja, pindo limekwenda upogo kwa kuwa kamba ilikuwa inateleza. Yule bibi alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Inapiga kelele hiyo, itie mafuta," na foronya ile hakuruhusu ivuliwe kwenye mto wake ila siku za kufuliwa. Tangu hapo Fundi alimpenda. Nasema alimpenda, wala sisemi alimzoea.

Yule bibi alikufa asubuhi moja, kijiko mkononi. Fundi alimwosha pamoja na wanawake wengine, na ni yeye aliyeikata sanda. Makasi yalikuwa yamepata kutu kwenye bawaba. Akiwa amepiga magoti sakafuni, kitambaa cheupe kimetandazwa mbele yake, ndipo ilipomjia kwamba miaka yote hiyo, ukiacha ile foronya moja, kitambaa pekee alichokata ni hiki. Alilia. Watu wakadhani analilia marehemu tu, wakamfariji. "Mungu atakulipa," wakamwambia, kila mmoja kwa zamu yake. Binadamu tukishamwachia Mungu deni la shukrani, sisi wenyewe huwa tumejitoa.

Msiba ukaisha. Fundi akaenda kona kwa mwenye duka la vyombo. Baraza ipo, akaambiwa, lakini kuna kinyozi anaiulizia kila siku, basi usikawie. Akanunua mkanda mpya wa cherehani na kichupa cha mafuta. Akavipanga juu ya kitambaa cha meza, akamwambia mumewe, "Sasa hiki kitanda kitoke, nipate nafasi ya kuifungua mashine."

Mume akatazama viatu vyake. "Dada amesema kitanda kisiondoke kwanza."

"Kwa nini?"

"Sijui. Amesema tu."

Mume akisema sijui huku anatazama viatu, anajua. Na Fundi naye akajua. Kitanda cha mgonjwa hakiwekwi kwa ajili ya mapambo, kinangoja mtu. Na mtu huyo alikuwapo: shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, ambaye miguu ilimkatalia na kwa wakati ule alikuwa kwa Waziri, akimchosha Waziri. Ni shangazi yule yule aliyewahi kumrushia muuguzi bakuli la mchuzi, akalalamika kwamba mchuzi umemwagika.

Fundi alipangusa vumbi kwenye kile kichupa cha mafuta, ambacho hata vumbi kilikuwa hakijapata.

Haikupita wiki, Waziri akaja mwenyewe, amejipulizia manukato, akakaa kwenye kile kitanda cha chuma akakibonyezabonyeza kama mnunuzi. "Wifi," akasema, "umechoka. Sisi sote tumeliona hilo. Tumekaa tukasema tukutoe, tukupumzishe. Jumapili twende tukatembee kule kwenye magofu. Mji wa kale ule. Watu wanatoka mbali kuja kuuona, sisi tuko hapa hatuujui. Mwenda bure si mkaa bure."

Ilikuwa mara ya kwanza neno kupumzika kutajwa katika nyumba ile. Fundi akashukuru. Matembezi ya kumpumzisha yakaanza kwa yeye kuamka kabla ya jogoo kupika chakula cha watu wote.

Walikwenda kwa gari la kukodi: Waziri mbele na dereva, nyuma Fundi na mumewe na Kitindamimba na watoto, na katikati ya miguu yao sufuria la wali limefungwa kwa shuka na kikapu cha vyombo. Njiani Kitindamimba, ambaye moyo wake ni mzuri lakini mdomo wake hauna komeo, akamshika Fundi mkono.

"Shangazi anakusalimu sana, wifi. Anasema anakungoja kwa hamu."

Waziri akakohoa. Kikohozi kile kingeweza kusimamisha gari.

"Ananingoja wapi?" Fundi akauliza.

"Tutazungumza baada ya kula," Waziri akasema bila kugeuka.

Basi ratiba ikajulikana. Kwanza magofu, halafu chakula, halafu mzigo. Watu wameshiba, wamecheka, wametembezwa, na yeye katikati yao. Akikataa ataonekana amewatemea mate waliomtoa kupumzika. Fundi alitazama nje ya dirisha. Hata hasira hakuwa nayo. Hasira inataka nguvu. Alijiona anavyoitikia jioni ile, alijisikia sauti yake ikisema haya, na akamwona kinyozi kwenye ile baraza, amekwishatundika kioo chake.

Magofu yalikuwa yamezungushiwa ua wa waya, na langoni walipokewa na mwongoza wageni, mwanamume mwembamba mwenye fimbo iliyomenywa ganda. Maelezo yake alikuwa ameyahifadhi kwa ghibu.

"Karibuni sana, wageni wetu waheshimiwa, katika mji huu wa kale, mji wa biashara na wa ibada, uliojengwa na Waislamu wa mwanzo waliofika pwani hii na wenyeji waliowapokea. Hapa ziliuzwa pembe, hapa zilinunuliwa shanga, hapa vilishushwa vyombo vya udongo kutoka nchi za mbali..."

Wakamfuata. Kuta za mawe na chokaa zilisimama hapa kiunoni, pale kifuani, na sehemu nyingine zilikuwa juu kuliko mtu, zimeota nyasi kama masikio ya mzee. Watoto walikimbia. Waziri alijipepea. Mume wa Fundi alitembea nyuma kidogo, mikono mgongoni, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu, ilhali mwenye kuhukumiwa alikuwa amebeba kikapu.

Msikitini waliingia kwa utulivu, wamevua viatu japokuwa hapakuwa na paa wala mkeka. Kidaka cha kibla kilikuwa bado kimesimama. Kilizungukwa na nakshi iliyochongwa kwenye chokaa, mistari inaingia na kutoka kama pindo la shela, na Fundi, bila kukusudia, akaifuata kwa macho kutoka kulia. Ilipofika kona ya kushoto akaona: aliyechonga alikosea kipimo. Nafasi ilimwishia, ua la mwisho likabanwa, na ili lisionekane akayapunguza kidogo kidogo yale mawili yaliyotangulia. Hivyo ndivyo naye angefanya na kitambaa kilichopungua. Akatabasamu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipotabasamu kwa ajili ya kazi.

"Na hiki," mwongozaji akasema walipotoka, "ni kisima kikuu, na lile pale ni kaburi la tajiri mmoja ambaye jina lake, kama mnavyoona, limechongwa kwa..."

"Maji walikuwa wanachota kina nani?" Fundi akauliza.

Mwongozaji akasita. Swali hilo halikuwamo. "Eh?"

"Hiki kisima. Nani walikuwa wanachota?"

"Aa, hao hawakuandikwa, mama. Watumishi. Wanawake wa nyumbani. Ila alama yao hiyo hapo, tazama kwenye ukingo. Mifereji hiyo ni ya kamba za ndoo. Kamba imelila jiwe." Kisha akasimama, akatazama kaburi, akatazama fimbo yake, akawa hajui alifikia wapi. Ikabidi arudi mwanzo. "Karibuni sana, wageni wetu waheshimiwa, katika mji huu wa kale..." Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Fundi alibaki kisimani. Akatia kidole kwenye mfereji mmoja. Ndani ulikuwa laini kabisa. Kidole kilienea kama kimepimwa. Aliona haya kidogo, kama mtu aliyemshika mkono asiyemjua, lakini hakukitoa upesi. Alifikiria ni ndoo ngapi mpaka jiwe likubali. Alifikiria kwamba kati ya hizo ndoo zote hapakuwa na hata moja iliyokuwa nzito sana. Kila moja ilikuwa ndoo moja tu, ya leo tu, kwa muda tu.

"Wifi, twende basi!" Waziri akaita. "Utaota mizizi hapo."

Nyumba ya mfanyabiashara ilikuwa ya mwisho. Mwongozaji akawapitisha uani, akawaonyesha ukumbi ambapo wageni wa biashara walikaa, na vidaka vya ukutani mlimowekwa vyombo vya thamani. Kila chumba kilikuwa nyuma ya kingine, na kila ulivyoingia jua lilibaki nje kidogo. Mwisho kabisa wakafika kwenye chumba kidogo. Hicho peke yake ndicho kilichosalia na paa.

"Hiki ni chumba cha ndani," akasema, na sauti yake ikawa ndogo ghafla, imemezwa na kuta. "Mlango mmoja, hakina dirisha. Humu wanawake walijifungua, na humu maiti walioshwa. Mtu wa nje hakuingia humu."

"Uuu," Waziri akasema, akijikunyata. "Hebu tutokeni. Na njaa inauma. Kaka, wewe beba sufuria tukatandike pale kwenye kivuli cha ukuta."

Wakatoka mmoja mmoja. Fundi alikuwa wa mwisho. Aliweka kikapu mlangoni ili akibebe vizuri, mume akarudi akakichukua, na yeye akasema nakuja. Kweli alikusudia kuja. Alitaka tu kukaa kidogo. Sakafu ilikuwa ya baridi na kavu, ukuta mnene. Akaegemea. Akatega sikio, kama alivyozoea, kusikiliza kijiko. Hakusikia kijiko. Hakusikia watoto, wala gari, wala ndege. Akaendelea kutega, maana sikio lile lilikuwa limesahau namna ya kushuka zamu. Kisha, polepole, likashuka.

Yaliyotokea nje alikuja kusimuliwa baadaye na Kitindamimba, kwa hiyo nayaamini, maana Kitindamimba hajui kuficha hata linalomwaibisha.

Walitandika mikeka. Walikaa. Maji ya kunawa yalipitishwa, wakanawa wote, watoto na wakubwa. Kisha wakatulia, mikono imeinuliwa kidogo mbele yao, inadondosha maji. Sufuria lilikuwa pale. Kikapu kilikuwa pale, sahani ndani yake. Hakuna aliyefungua shuka. Walizungumza habari za joto. Walizungumza habari za mwongozaji na maelezo yake ya kuanza upya. Mikono ikakauka. Mtoto mmoja akasema ana njaa, akaambiwa asubiri. Asubiri nini, hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyejua. Walikuwa wanasubiri tu. Mpaka Waziri akatazama huku na huku, akasema, "Kwani wifi yuko wapi?"

Ndipo walipojua kwamba hayupo. Si kwa sababu mahali pake palikuwa patupu. Hawakuwahi kuona mahali pake pana mtu, kwani wao wakila yeye huwa amesimama. Walijua kwa sababu chakula hakikupakuliwa.

Wakainuka kumtafuta. Waziri alikuwa ameshafungua kikapu, akatoka na kijiko mkononi. Walimwita msikitini, wakamwita kisimani, na Kitindamimba akachungulia ndani ya kisima. Mwongozaji ndiye aliyewaambia mama yule hakutoka kwenye nyumba. Wakaingia uani, wakapita ukumbini, wakafika kwenye chumba cha ndani. Alikuwa amelala ubavu, viatu amevipanga pembeni, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Waziri hakutaka kumshtua. Alifanya adabu. Aligonga tu mlangoni, kwenye jiwe, kwa kile kijiko.

Ti, ti, ti.

"Nakuja, Mama!"

Fundi alikuwa ameshasimama kabla macho hayajafunguka. Mkono wake wa kulia ulinyooka hewani kutafuta kikombe juu ya meza, ukapapasa, ukapapasa tena, haukukuta meza wala kikombe. Kisha akaona kuta. Akawaona mlangoni, wote, wamejaa. Akaushusha mkono.

Sauti ile ya kijiko wote waliijua; kila walipokwenda kumwona mama yao waliisikia, wakanywa chai, wakaondoka wakaiacha. Kitindamimba akajifunika uso kwa mtandio wake akaanza kulia.

Waziri naye aliguswa, nisimwonee. Lakini alikuwa mtu wa ratiba, na mtu wa ratiba ikivurugika anaiwahisha. "Pole, wifi," akasema. "Pole sana. Basi kwa kuwa tuko wote hapa, si vibaya tukasema. Ni habari ya shangazi. Hana mtu."

"Ana ninyi," Fundi akasema.

"Sisi tupo, ndiyo. Lakini wewe ndiye unayewajua wagonjwa. Kitanda kipo, nafasi ipo, na mkono wako..."

Fundi hakumngoja amalize. Alimtazama mumewe, aliyekuwa nyuma kabisa. "Baba watoto, ulikuwa unajua?"

Mume akatazama viatu. Chumba kilikuwa na giza, havikuonekana vizuri. "Nilijua."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia nitakuuliza."

"Mbona hukuniuliza?"

Mume akasema ukweli, na sidhani kama alijua uzito wake. "Nilijua utakubali."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti. Nguvu ya kupandisha sauti hakuwa nayo, na chumba chenyewe hakikuitaka. "Mama yenu nilimlea kwa moyo wangu. Sijuti. Angefufuka leo ningemwosha uso na kumpa uji. Lakini nimechoka, wifi. Nimechoka mpaka nilikuwa sijui kama nimechoka. Nimejua hapa, sasa hivi, kwa sababu nimelala. Shangazi siwezi kumchukua."

"Wifi, ni kwa muda tu..."

"Siwezi hata kwa muda."

"Watu watasemaje?"

"Watasema nimekataa. Na nitakuwa pale kona, barazani, nashona. Waseme tu wakipita, nitawasikia."

Waziri akageuka kumtafuta kaka yake, kama alivyomtafuta siku ile ya kikao cha kwanza. Kaka yake akajikwaa kwenye kizingiti akiingia. Alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akikubaliana na wa mwisho kusema, na safari hii wa mwisho kusema alikuwa mkewe. Pengine ni hilo tu. Pengine ni ule mkono uliopapasa hewani. "Kitanda nitakifungua leo jioni, dada," akasema. "Nitakileta kwako."

Nyuma yao mwongozaji akakohoa kwa adabu. Alikuwa amesimama na fimbo yake muda wote huo, hajui aingie au atoke. "Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe," akasema. "Mama, kuna wageni wengine langoni. Ila chumba hiki naweza kukiacha cha mwisho. Na mimi maelezo yangu ni marefu."

"Asante, baba," Fundi akasema.

Wakaondoka. Kitindamimba alibaki kidogo, akavua mtandio wake uliolowa machozi, akaukunja, akamwekea wifi yake pa kulaza kichwa, akatoka bila neno, na kwake hilo ni jambo la ajabu. Fundi akajilaza palepale alipokuwa. Mwili wote ulimuuma, kila kiungo kwa jina lake, kama watu waliokuwa wanangoja aketi ili wamwambie shida zao.

Ukuta ule uliokuwa umezuia sauti zote za dunia haukuiweza sauti ya Waziri. Aliisikia ikitokea kule kwenye mikeka. Sahani zikagongana. Kifuniko kikaanguka, kikaviringika mbali kwenye mawe. Mtu akasema wali umepoa, mwingine akauliza mchuzi uko wapi, mtoto akalalamika amepewa kidogo.

"Chumvi!" Waziri akaita. "Kaka, chumvi iko wapi?"

"Sijui," mume wa Fundi akajibu. "Mke wangu ndiye anayejua."

Kukawa kimya. Walikuwa wanangoja.

Chumvi ilikuwa chini kabisa ya kikapu, ndani ya kopo la majani ya chai, imefunikwa na taulo la mikono. Fundi alijua. Alifungua kinywa awaambie. Kisha akakifunga, akageukia ukutani, akalala.